Kijana wa chuo kikuu na hesabu ya saa zake

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotangazwa, nyumba zetu nyingi hujaa furaha. Dua husomwa, jamaa huchanga nauli, na wako wanaouza kiwanja ili ada ipatikane. Miezi michache baadaye, baadhi ya nyumba hizo hizo hupokea habari kwamba kijana ana mitihani ya kurudia, au amekatishwa masomo. Aghalabu husemwa kuwa hakuwa na bidii. Sisi tunaona kwamba wengi wao hawakukosa bidii wala akili. Walikosa mpango, na hapakuwa na aliyewafundisha kuupanga.

Shuleni kuna kengele, ratiba ya ukutani na mwalimu wa zamu. Chuoni hayo hayapo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada huwa na krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Tukizigawa kwa majuma 30 ya masomo, tunapata saa 40 kwa juma. Mihadhara huchukua sehemu tu ya saa hizo. Zilizobaki ni amana mikononi mwa kijana mwenyewe, na hakuna atakayemwuliza amezitumiaje mpaka siku ya mtihani.

Je, muda upo? Juma lina saa 168. Anayelala saa 8 kila usiku hubakiwa na 112. Akitoa 40 za masomo, bado anazo 72 za ibada, chakula, safari na mapumziko. Muda upo, kinachokosekana ni ratiba iliyoandikwa na kufuatwa.

Jambo la pili ni namna ya kusoma. Wanafunzi wengi huzisoma notisi mara tatu au nne, wakaridhika kwamba zimeingia. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Lakini baada ya juma moja, waliojitahini wenyewe bila kutazama maandishi ndio walioongoza. Watoto wetu wa madrasa wanaijua njia hii tangu utotoni. Anayehifadhi hafungui msahafu mbele ya ustadhi. Husoma kwa moyo, akikwama husahihishwa, na kesho hurudia ya jana kabla ya kuongeza mapya. Kijana anayesomea uhasibu au uuguzi naye afanye hivyo: afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha alifungue aone alipokosea. Arudie kesho, na juma lijalo.

Jambo la tatu ni mpango wa kujiendeleza. Nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Ron Dearing ilipendekeza mwaka 1997 kwamba kila mwanafunzi wa elimu ya juu awe na jalada la maendeleo yake, la kuonyesha matokeo yake na kumsaidia kutafakari anakoelekea. Jalada la namna hiyo halihitaji gharama. Daftari moja latosha. Kila mwanzo wa muhula kijana ajibu kwa maandishi: niko wapi, nataka kufika wapi, nitapita njia gani, na nitajuaje kwamba nimefika? Asiandike tu “nitaongeza bidii.” Aandike, kwa mfano: “Kabla ya mafunzo kwa vitendo nitajua kuandaa hesabu kwenye kompyuta, nitajifunza kila Jumamosi asubuhi.” Mwisho wa muhula alifungue tena daftari lile na kulinganisha alichokusudia na alichotenda.

Wazazi wana nafasi yao. Badala ya kungoja matokeo ndipo waulize “umepata ngapi?”, wampigie kijana mapema na kumwuliza: “Juma hili umepanga kusoma nini, na la juma lililopita limekwendaje?” Swali hilo halihitaji mzazi aliyesoma chuo. Nazo kamati za misikiti iliyo karibu na vyuo zaweza kuwapa vijana chumba tulivu chenye taa baada ya Isha, na kuwaomba walio mwaka wa tatu wawaongoze wa mwaka wa kwanza.

Ada ikishalipwa, tusiache saa za kijana zipotee bila hesabu. Wabillahi tawfiq.