Nahodha wa Königsberg na Wapagazi Wasiotajwa

Baharia wa Wesha hahitaji kuelezwa namna mikoko inavyoficha chombo. Kati ya bandari hii na Misali bahari ni nyeupe, lakini ndani ya hori dau huweza kulala siku nyingi lisionwe na mtu. Maficho ya aina hiyo ndiyo aliyoyategemea Max Looff, ofisa wa Kijerumani aliyeongoza manowari ya Königsberg, alipojificha katika delta ya Rufiji, kule majahazi yetu yalikokwenda kupakia boriti.

Looff alifika Dar es Salaam Juni 1914, vita havijaanza. Agosti aliiteka meli ya Kiingereza, City of Winchester. Alfajiri ya Septemba 20, Shawwal 1332 ikimalizika, aliivamia Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Pegasus haikumfikia. Ya kwake ilifika. Meli ile ikazama siku hiyo hiyo.

Wakati huo Sultani Khalifa bin Haroub alikuwa upande wa Uingereza, na Dola ya Uthmaniya ikaingia vitani upande wa Ujerumani. Waislamu wa pwani hii wakajikuta katika majeshi yote mawili, wakielekezeana bunduki. Jambo hili halisimuliwi vya kutosha majumbani mwetu.

Ushindi wa Looff ulimfungia njia. Mtambo wa Königsberg uliharibika, na vipuri vikakokotwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa Rufiji. Hakutoka tena baharini. Julai 11, 1915, Ramadhani ikikaribia, manowari Severn na Mersey, zikielekezwa na ndege, ziliichakaza meli yake. Looff, naye akiwa amejeruhiwa, akaamuru izamishwe. Mizinga yake kumi ikaopolewa, ikapigana nchi kavu. Mwenyewe alikamatwa Novemba 1917, kusini mwa Tanganyika.

Vitabu humsifu kwa ujasiri, nasi hatumnyimi. Ila mizinga ile haikutembea yenyewe. Ilivutwa kwa kamba na mabega ya watu. Mmojawapo uko Mombasa, na baadhi ya mabaharia wa Pegasus wana makaburi yao kisiwani Chapwani. Msomaji ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa wavutaji, awe wa Rufiji au wa Pemba, atuandikie jina lake. Tutalichapa katika ukurasa huu.