Michael Crichton, mwandishi tunayempenda

Wengi wametuuliza juu ya nini kitabu cha La Variété Andromède kinapita mikononi mwa darasa la sita bila kupumzika. Tunajibu hapa.

Mwandishi wake ni Michael Crichton, Mmarekani, aliyezaliwa 1942 na kufa 2008. Alisomea uganga Harvard akamaliza 1969, lakini kazi ya munganga hakuifanya. Mwaka uleule kitabu kilitoka.

Chombo cha angani kinaanguka karibu na kijiji cha Piedmont, Arizona. Watu wanakufa karibu wote, wengine palepale njiani. Wawili tu ndio wazima: mzee mlevi mwenye kidonda cha tumbo, na mtoto mchanga anayelia usiku na mchana. Wataalamu wanne wanafungiwa chini ya ardhi, na swali linalowasumbua ni hili: wale wawili wanafanana kwa kitu gani? Kumbe jibu liko ndani ya damu. Pombe mbaya na aspirini zimezidisha asidi katika damu ya mzee. Mtoto naye, kwa kulia sana, anatoa pumzi nyingi mno, asidi yake inapungua. Ile mikrobi haiwezi kuishi ila katika kipimo cha kawaida; mmoja amepita upande huu, mwingine upande ule.

Mtatuambia ni masimulizi tu. Ndiyo, mikrobi ile haikuwako. Lakini swali la nani amepona na kwa nini liliulizwa hapa kwetu. Kikwit, mwaka 1995, Profesa Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 wa Ebola damu ya watu waliopona, na 7 wakapona. Wataalamu walibishana, sababu watu 8 ni wachache kwa kuthibitisha neno. Baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, ikapatikana dawa ya mAb114. Ilipimwa wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri (2018–2020), na Agosti 2019 ikatangazwa kwamba inaokoa. Siku zile sisi tulikuwa bado shule ya msingi, tunanawa mikono na kupimwa joto mlangoni, na huku mtaani watu wanasema Ebola ni biashara tu. Hakuna aliyetueleza habari ya damu ya Kikwit. Tungeisikia kwa hamu.

Kitabu chake kingine, Congo (1980), hakikutupendeza sana. Msitu wetu ameujaza walaji wa watu na sokwe wauaji, juu ya kutisha msomaji wa mbali. Neno moja hakukosa: makampuni yanashindana kufikia almasi kwa ajili ya mashine za kompyuta. Sisi tunaojua habari ya koltani tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza.

La Variété Andromède iko moja tu, na kurasa za mwisho zimeanza kutoka. Mwenye kuitaka aandike jina lake biblioteki, na tafadhali asikunje kurasa.