Je, Wajua Kompyuta ya Kwanta Haifanyi Kazi Peke Yake?

Mwaka 2018 picha moja ya ajabu ilishinda shindano la picha za sayansi nchini Uingereza. Aliyeipiga ni David Nadlinger, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oxford, naye alitumia kamera ya kawaida ambayo hata mpiga picha wa harusi angeweza kuwa nayo. Katika picha hiyo unaona vipande vya chuma vinavyong'aa ndani ya giza, na ncha mbili za sindano zilizoelekeana, zimeachana kwa takribani milimita mbili. Katikati ya pengo hilo kuna nukta ya samawati inayokaribia zambarau. Mtu mwenye haraka angedhani ni vumbi kwenye lenzi.

Nukta ile ni atomu ya strontiamu. Moja tu, peke yake. Ukweli ni kwamba umbo la atomu haliwezi kuonekana kwa jicho. Kilichonaswa na kamera ni mwanga wake. Leza inaimulika atomu, atomu inaunyonya mwanga na kuutema tena mamilioni ya mara kwa sekunde, na kamera iliachwa wazi muda wa kutosha kuukusanya. Strontiamu ndiyo hiyo hiyo inayozipa fataki rangi nyekundu. Oxford wameiajiri kwa kazi nyingine.

Kazi hiyo inafanyika katika Maabara ya Clarendon, barabara ya Parks. Watafiti wa hapo wanatengeneza mashine ambazo nusu yake inafuata kanuni za fizikia ya kwanta na nusu yake ni elektroniki ya kila siku. Magazeti hupenda kuandika habari za ile nusu ya kwanza. Binafsi naona nusu ya pili inaonewa, maana kila nilipofuatilia majaribio yao nilikuta kazi ngumu imebebwa na vifaa vya kawaida: waya, chipu na programu.

Tuanze na mtego. Ukiinyang'anya atomu elektroni moja, inabaki na chaji ya umeme na kuitwa ayoni. Kitu chenye chaji kinaweza kusukumwa na umeme bila kuguswa. Shida ni kwamba umeme uliotulia hauwezi kukifungia kitu hewani pande zote. Ukikibana kushoto na kulia, kinachoropoka juu au chini. Mjerumani Wolfgang Paul alipata ufumbuzi: geuza mwelekeo wa msukumo huo mamilioni ya mara kwa sekunde, ayoni isipate nafasi ya kutoroka. Ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Oxford wanautumia ndani ya chombo kilichoondolewa hewa karibu yote, kisha leza inaipunguza kasi ayoni mpaka inakaribia kutulia kabisa. Chombo chenyewe kina joto la chumba cha kawaida, unaweza kukishika kwa mkono. Ilhali ayoni iliyomo haijafika hata nyuzi moja juu ya sifuri halisi, ule ubaridi wa mwisho katika maumbile.

Ikishatulia, ayoni inaweza kutunza taarifa. Hali yake moja tunaiita 0, nyingine 1. Mpaka hapa haina tofauti na biti ya simu yako. Tofauti ni kwamba ayoni inaweza kuwekwa katika mchanganyiko wa hali zote mbili kwa uwiano unaoutaka, na ayoni mbili zinaweza kufungamanishwa hata majibu yao yakioanishwa yaonyeshe uhusiano ambao fizikia ya kale haina namna ya kuueleza. Biti ya aina hii ndiyo kyubiti.

Chuo hiki si mgeni katika mambo haya. David Deutsch, mwanafizikia wa Oxford, ndiye aliyechapisha mwaka 1985 maelezo ya kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kuendesha programu ya aina yoyote. Mwaka 1991 Artur Ekert, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu hapo hapo, alionyesha jinsi ufungamano unavyoweza kutoa ufunguo wa siri wa mawasiliano. Mwaka 1998 Jonathan Jones na Michele Mosca waliendesha hesabu ya kwanta kwa kutumia molekuli za sitosini, miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa duniani.

Kituo rasmi cha utafiti huu kilikuja baadaye. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilianzisha vituo vinne vya teknolojia ya kwanta, na Oxford ikapewa uongozi wa kile cha kompyuta, kilichojulikana kwa kifupi kama NQIT, kikishirikisha vyuo vikuu tisa kwa bajeti ya pauni milioni 38. Mwaka 2019 kikarithiwa na kituo kingine chini ya David Lucas, na mwaka 2024 kikafuata cha tatu, QCI3, kinachoongozwa na Dominic O'Brien. Majina yanabadilika kwa kasi ya bajeti.

NQIT ilikuwa na ndoto yenye namba kamili: nodi 20, yaani mitego 20 ya mtandao mmoja, kila moja na kyubiti 20, zote zimeunganishwa kwa mwanga ili zifanye kazi kama mashine moja ya kyubiti 400. Mashine hiyo haikukamilika. Kilichopatikana ni nodi mbili zilizoungana vizuri, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa gumu kuliko kuzidisha idadi. Sababu ya kutaka mtandao inaeleweka upesi. Ayoni zikijazana katika mtego mmoja zinasukumana, zinatikisika pamoja, na kuigusa moja bila kuisumbua jirani kunazidi kuwa kazi. Bora mitego mingi midogo inayozungumza.

Mitego inazungumzaje? Ayoni ya strontiamu inachochewa kwa leza ili iteme fotoni moja, chembe moja ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 422. Fotoni hiyo inatoka ikiwa imefungamana na ayoni iliyoizaa. Lenzi inaikusanya na kuiingiza kwenye uzi wa faiba. Mtego wa pili, mita mbili kando, unafanya vivyo hivyo wakati ule ule. Fotoni mbili zinakutana katikati kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, halafu zinaangukia vihisio. Vihisio vikitoa jozi fulani za milio, haiwezekani tena kusema fotoni ipi ilitoka kwa ayoni ipi, na papo hapo ayoni zenyewe, ambazo hazijawahi kukaribiana, zinakuwa zimefungamana.

Mara nyingi haifaulu. Fotoni inakwenda upande usio na lenzi, au inapotea ndani ya faiba, au kihisio hakiioni. Katika jaribio ambalo kundi la Clarendon lilichapisha mwaka 2020, uwezekano wa kufaulu ulikuwa mara moja katika kila majaribio 4,600 hivi. Hata hivyo walipata jozi 182 kwa sekunde, kwa ubora wa asilimia 94. Piga hesabu: hayo ni majaribio zaidi ya laki nane kila sekunde. Nani anayawasha na kuyazima? Nani anasikiliza milio, anaamua kwamba hii imefaulu na ile haikufaulu, halafu anaamuru kila kitu kisimame kabla jozi haijaharibika? Ni kompyuta ya kawaida, yenye saa inayohesabu nanosekunde, inayoendeshwa na programu zilizoandikwa na watu kwenye madawati yao.

Februari 2025 kundi hilo, Dougal Main akiwa mwandishi wa kwanza, lilichapisha katika jarida la Nature hatua iliyofuata. Safari hii kila mtego ulikuwa na ayoni mbili za aina tofauti. Strontiamu ilibaki kuwa tarishi wa mtandao. Ya pili ilikuwa kalsiamu ya aina ya 43, nayo ndiyo iliyokabidhiwa hesabu. Kalsiamu tunaijua kwa mifupa na maziwa, ila hii ya 43 ni adimu. Haifiki hata atomu mbili katika kila elfu. Wanaihangaikia kwa sababu ina hali mbili ambazo karibu hazitikiswi na misukosuko ya sumaku, hivyo inakumbuka. Mwaka 2023 kundi hilo hilo lilionyesha ufungamano uliohifadhiwa kwenye kalsiamu ukidumu zaidi ya sekunde kumi, muda mrefu mno kwa vitu hivi.

Lengo lilikuwa kufanya tendo la hesabu kati ya kalsiamu ya mtego huu na kalsiamu ya mtego ule. Kwanza tarishi wawili wanafungamanishwa kwa fotoni. Kisha ndani ya kila mtego, tarishi anaunganishwa na kalsiamu ya kwake. Halafu tarishi wote wawili wanapimwa, kila upande unapata jibu, 0 au 1, na jibu hilo linapelekwa upande wa pili kupitia waya wa kawaida. Upande uliopokea unatazama biti ile na kuizungusha kalsiamu yake kidogo, au kuiacha ilivyo. Hapo ndipo tendo linakamilika.

Vichwa vya habari viliandika "telepoti", na kitaalamu neno ni sahihi. Wasomaji wengi wakaelewa kwamba kitu kimeruka kutoka hapa hadi pale bila kupita njiani. Sivyo. Biti mbili za kawaida, moja kwenda na moja kurudi, zimepita kwenye waya kwa mwendo usioweza kuzidi wa mwanga, na bila hizo kilichobaki kwenye kalsiamu hakitumiki kwa lolote. Ndiyo maana pia ufungamano hauwezi kutuma ujumbe kwa kasi kuliko mwanga, hata tufanyeje.

Ubora wa tendo hilo ulikuwa asilimia 86. Baada ya hapo waliendesha kanuni ya utafutaji iliyobuniwa na Lov Grover mwaka 1996, na hapa ndipo msomaji anaweza kujipima mwenyewe. Kuna visanduku vinne, kimoja kina pete. Umeruhusiwa kufungua kimoja tu, kisha utaje pete iko wapi. Hata ukiwa mwerevu kiasi gani, nafasi yako ni nusu kwa nusu. Kanuni ya Grover, ikiendeshwa bila dosari, inajibu sawasawa kila mara kwa swali moja tu. Mitego miwili ya Oxford ilipatia asilimia 71. Si mia. Lakini nusu imepitwa, na mashine mbili zilizotenganishwa zilikuwa zimefanya hesabu moja.

Hata wazo la Ekert lilipata siku yake hapo hapo. Mwaka 2022 kundi la Clarendon, pamoja na wenzao wa Uswisi na Ufaransa, lilitengeneza ufunguo wa siri ambao usalama wake hautegemei kumwamini aliyeunda vifaa. Walitumia jozi milioni 1.5 za ayoni zilizofungamana, kwa saa nane, na wakaibuka na biti 95,628. Hizo ni chini ya kilobaiti 12. Picha moja ya WhatsApp kwa kawaida inazidi hapo. Nazo hazikutoka moja kwa moja kwenye ayoni. Pande mbili zililazimika kulinganisha majibu kwenye njia ya kawaida, kusahihisha makosa, na kuchuja kila kilichoweza kuvuja, hesabu ambayo kompyuta ya kawaida ndiyo iliyoifanya mwanzo hadi mwisho.

Biashara nayo imefika. Chris Ballance na Tom Harty, waliotoka katika maabara hiyo, walianzisha kampuni ya Oxford Ionics mwaka 2019, na Juni 2025 IonQ ya Marekani ikatangaza kuinunua kwa zaidi ya dola bilioni moja. Thamani hiyo imewekwa kwenye jambo ambalo bado halijampa mtu wa kawaida huduma yoyote, na mwenye kutilia shaka ana haki yake.

Ukitaka kujua kazi iliyosalia iko wapi, tazama makosa. Mwaka 2025 watafiti wa Oxford waliripoti kwamba kyubiti moja ya kalsiamu inakosea mara moja katika matendo milioni 6.7. Tendo la kyubiti mbili zilizo mtego mmoja, popote duniani lilikofanywa vizuri kabisa, lilikuwa likikosea mara moja katika kila 2,000 hivi. Likipitishwa kwenye faiba kati ya mitego, kama tulivyoona, linaharibika mara 14 katika kila 100. Tena hiyo ni kwa mita mbili. Mwanga wa nanomita 422 unafifia upesi mno ndani ya kioo cha faiba. Faiba zinazotandazwa mijini na chini ya bahari zimetengenezwa kwa mwanga wa takribani nanomita 1,550, usioonekana kwa jicho. Ili strontiamu moja izungumze na nyingine iliyo mji wa pili, itabidi kila fotoni ibadilishwe urefu wa wimbi wake njiani bila kuvunja ufungamano ilioubeba.