Mzigo Juu ya Gari ni Amana ya Njia Nzima

Desemba ya mwaka juzi tulifunga safari ya Songea kwenda kuwatembelea wazee: mimi, mke wangu, watoto wetu wanne na mama yangu mzazi. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900, na gari letu ni la familia lenye viti saba. Mwenye gari la namna hiyo anajua kwamba viti vya nyuma vikikaliwa, buti hubakiwa na nafasi ya mifuko miwili tu. Mizigo yetu ilikuwa mara tatu ya hiyo, na juu yake ziliongezeka amana za majirani: kanga za bibi harusi, tende za shangazi wa fulani, viatu vya shule vya mtoto wa fulani.

Nikaenda Kariakoo, nikanunua begi kubwa la turubai linalofungwa juu ya gari kwa mikanda. Ni kifaa chenye manufaa. Ni jepesi kuliko sanduku gumu la plastiki, bei yake ni nafuu, na safari ikiisha hukunjwa likawekwa kabatini. Usiku ule nilipakia kwa haraka, na alfajiri, mara baada ya swala, nikalifunga begi kwenye keria kungali giza. Nikaketi kwenye usukani, tukasoma dua ya safari, tukaondoka.

Tulipoipita Chalinze nikaongeza mwendo. Juu ya paa ikaanza sauti ya kuvuma, kisha ikawa mapigo, kama mtu anayegonga bati kwa kiganja. Mke wangu akasema, “Baba watoto, kuna kitu kinapiga huko juu.” Nikamjibu kuwa ni upepo tu. Dakika chache baadaye, kabla ya kufika Mikese, nikaliona begi letu katika kioo cha nyuma likiwa katikati ya lami.

Nyuma yetu palikuwa na kijana wa bodaboda aliyempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Alilikwepa begi, akatoka nje ya barabara, pikipiki ikaserereka kwenye changarawe na kuanguka ubavu. Alhamdulillah, mama na mtoto hawakupata jeraha. Kijana alichubuka goti na kiwiko. Aliponyanyuka akaitazama kofia yangu, akasema kwa upole ulioniuma kuliko matusi: “Shehe, begi lako hili lingetuua sote watatu, na wewe ungekuja kupata habari zetu ukiwa Morogoro.”

Sikuwa na jibu. Tulimpeleka zahanati, nikagharimia matibabu na matengenezo ya pikipiki yake. Sote tunaijua hadithi ya yule bwana aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Mimi ni mhitimu wa chuo cha dini, na hadithi hiyo nimewasomesha watoto wa madrasa mara nyingi. Siku ile niliomba dua, na ngamia wangu sikumfunga.

Tuliporejea, nilimwendea jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa utingo wa malori ya njia ya Tunduma kwa miaka mingi. Nilimweleza nilivyofunga. Akatikisa kichwa, akasema: “Ulifunga begi, hukufunga mzigo.” Haya yafuatayo ni mafunzo yake, pamoja na niliyojifunza mwenyewe baada ya hapo, nami nayaandika kwa ajili ya familia zinazojiandaa kwa safari za likizo.

Jambo la kwanza ni uzito. Kila gari lina kiwango cha uzito unaoruhusiwa juu ya paa, nacho huandikwa katika kitabu cha maelekezo cha gari. Katika magari mengi ya familia ni kati ya kilo 50 na 100, na ndani ya hesabu hiyo umo uzito wa keria na wa begi lenyewe. Gunia moja la mchele la kilo 50 laweza kukimaliza kiwango chote. Zaidi ya hayo, uzito ukiwa juu gari huyumba kwenye kona na huchelewa kusimama. Kwa hiyo mchele, vitabu na madumu ya mafuta ya kula vikae chini ndani ya buti. Juu ziende nguo, mashuka, mito na viatu.

Pili ni upakiaji. Begi langu lilikuwa nusu tupu upande wa mbele, na zipu yake niliielekeza mbele. Upepo ukapata mlango, begi likavimba kama tanga la jahazi, na mkanda wa mbele ukachomoka kwenye bizimu. Zipu ielekezwe nyuma, na ulimi wake wa kufunikia ufungwe vema. Begi lijazwe sawasawa pande zote, mizigo mizito kidogo ikae katikati. Likiwa halijajaa, likunjwe na kukazwa hadi lishikamane na mzigo.

Tatu ni ufungaji. Futa vumbi na mchanga juu ya paa kabla ya kuweka begi, kwani mchanga hukwaruza rangi, kisha tandika mkeka wa mpira usioteleza. Mikanda miwili ipite kwa upana wa gari, na mingine ivute kuelekea mbele na nyuma ili begi lisiteleze dereva afungapo breki. Ishikizwe kwenye vyuma vya keria, si kwenye plastiki za urembo. Kwa gari lisilo na keria, yapo mabegi yanayoshikizwa kwa kulabu bapa kwenye ukingo wa mlango. Mikanda inayopitishwa ndani kupitia milangoni hushika, lakini mvua ikinyesha huwa mfereji wa kuingiza maji ndani. Kamba za mpira zenye ndoano zisitegemewe kubeba mzigo, kwa kuwa hunyumbuka, na zikichomoka huweza kumpofua mtu. Mkanda ukivuma kwa upepo, uzungushe mara moja au mbili kabla ya kuukaza, na ncha zote zinazoning'inia zifungwe.

Nne ni mvua. Desemba ni mwezi wa mvua katika nyanda za juu kusini, na begi linaloitwa lisiloingiza maji huweza kuvuja kwenye mishono na zipu. Nguo zitiwe kwanza katika mifuko ya nailoni. Dawa, hati za kusafiria, fedha na simu zisiwekwe juu abadani. Katika begi lililoanguka zilikuwamo dawa za shinikizo la damu za mama yangu. Tuliziokota barabarani moja moja.

Tano ni mwendo. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, nguvu ya upepo unaolipiga begi huongezeka kwa zaidi ya nusu. Mfuko wako nao utaliona hilo. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa sanduku kubwa la juu ya gari laweza kupunguza umbali unaokwenda kwa kiasi kilekile cha mafuta kwa asilimia 6 hadi 17 katika barabara kuu. Mkifika na mizigo ikashushwa, livueni begi na keria yake kama inavuliwa.

Sita, nalo ndilo alilolikazia yule mzee, ni kusimama na kukagua. Mzigo hujipanga upya gari linapotikisika, na mikanda iliyokazwa nyumbani hulegea. Ukaguzi wa kwanza uwe baada ya kilomita 30 hadi 40. Kwa anayetoka Dar es Salaam, hapo ni Kibaha. Baadaye kagua Chalinze na Morogoro. Kagua tena kabla ya kuingia Hifadhi ya Mikumi, kwani si mahali pa kushuka na kukaza mikanda penye tembo na nyati. Kisha simama Ruaha Mbuyuni, watu wanaponunua vitunguu, kabla ya kuanza kona za mlima Kitonga. Na ukisikia sauti mpya juu ya kichwa chako, usiseme ni upepo. Tafuta mahali salama, simama.

Wapo watakaoona kuwa haya ni mambo madogo ya kamba na mikanda. Nami nilidhani hivyo. Nilihesabu kanga na tende za majirani kuwa ndizo amana niliyobeba, nikasahau kwamba kila aliyekuwa nyuma ya gari langu alikuwa amekabidhiwa kwangu pia, bila yeye kujua. Kuondoa kiudhi njiani ni katika matawi ya imani. Basi itakuwaje kwa anayekidondosha kutoka juu ya paa lake?

Mwaka jana tulikwenda tena Songea na begi lilelile. Tulipakia mchana, si usiku, na nikafunga huku binti yangu mkubwa akisoma orodha. Tulipofika Kibaha alishuka kabla yangu, akazunguka gari na kuvuta kila mkanda kwa mkono wake. Mmoja ulikuwa umelegea. Tukaukaza, tukaendelea na safari.