Somo la Redio: Mlango Ulioachwa Wazi

Neno letu la leo ni chaguo-msingi. Mwalimu aliandike ubaoni.

Milango ya maji katika mifereji ya Lower Moshi mnaijua. Asipokuwapo mtu wa kuugusa, mlango hubaki kama ulivyoachwa. Chaguo-msingi ni hilo: uamuzi wa mtu mwingine, unaoendelea kufanya kazi wewe umelala.

Sasa twende kwenye seva. Seva ni kompyuta iliyo macho usiku na mchana, ikiwapa watu kurasa za intaneti. Ndani yake mna programu ya kupokea wageni. Mbili zinazojulikana sana ni Apache, ya mwaka 1995, na nginx, ya mwaka 2004. Kila moja huja na machaguo mengi yaliyokwisha kuwekwa, na wenye seva wengi hawayagusi kamwe.

Tuseme chama cha ushirika kimeweka ndani ya seva folda yenye majina ya wakulima, namba za simu na madeni yao. Mgeni anaiomba folda hiyo, nayo haina ukurasa wa kwanza. Programu ifanye nini? Nginx, isipoambiwa neno, humkatalia. Apache, ikifuata faili la mipangilio linalokuja nayo, humwonyesha orodha ya yote yaliyomo, naye achague apendalo! Dawa ni kufuta neno moja, Indexes, katika faili hilo. Lakini nani atalifuta, kama hajui kwamba lipo? Na tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika Tanzania. Chama hakiwezi kusema ni kosa la programu.

Nginx nayo hubana mno pengine. Hukataa faili linalozidi megabaiti 1, na picha ya simu mara nyingi huzidi. Mkulima atalaumu mtandao bure.

Hata hivyo makosa hayo mawili si sawa. Aliyekataliwa picha atapiga kelele siku ile ile, na fundi atarekebisha. Orodha ya madeni ikisomwa usiku, hapigi kelele mtu.

Swali la darasa: chama chenu kikipata seva kesho, mngetaka mlango gani uwe umefungwa kabla hamjaigusa, na upi uwe wazi? Wiki ijayo tutasoma neno nywila.