RATIBA YA DARASA LA PILI: SABABU YA MASOMO KUCHANGANYWA

Suali ambalo wazazi na walezi huweza kulifikisha kwa mwalimu wa skuli ya msingi ni hili: mtoto aliyepelekwa kusoma na kuhesabu, kwa nini siku hiyo hiyo huimbishwa, huchoreshwa na hurudi nyumbani akihadithia choroko zilizomo ndani ya gilasi? Wapo wanaoona kuwa masomo ya kweli humalizika wakati wa mapumziko, na kwa hivyo hawaoni taabu kumtoa mtoto mapema au kumchelewesha asubuhi. Maelezo yafuatayo yanakusudia kuonyesha namna siku hiyo ilivyopangwa.

Ada za skuli ziliondolewa Zanzibar tarehe 23 Septemba, 1964, na tangu hapo aghlabu kinachopungua si ruhusa ya kusoma bali ni saa za kusomea. Katika skuli ambazo bado zina mikondo miwili, darasa moja hutumiwa na watoto wa asubuhi, kisha na wa mchana. Anayechelewa hana wakati wa kufidia, kwani kiti chake kina mwenyewe mwengine.

Hisabati aghlabu hutangulia, ilhali akili bado haijachoka. Chukua mfano wa 27 kujumlisha 15. Mwalimu haanzi na ubao, bali huanza na vijiti. Kila vijiti kumi hufungwa kwa ukindu vikawa fungu moja, na vinavyobaki huachwa vimetawanyika. Mtoto hukusanya vijiti 7 na 5, akapata 12. Hufunga kumi kuwa fungu jipya, akabakiwa na 2. Mafungu sasa ni manne, na jawabu ni 42. Lile fungu jipya ndilo ambalo ubaoni huandikwa 1 ndogo juu ya makumi. Aliyekikosa kitendo hiki kwa kuchelewa (na ni kweli kuwa asubuhi ya masika ni nzito kwa kila mtu) huikuta ile 1 imekwisha kuandikwa, wala hajui imetoka wapi. Ataikariri bila ya kuifahamu, na darasa la nne litamfichua.

Kipindi cha Kiarabu kinapoingia, jicho la mtoto hugeuzwa. Kiswahili husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Zaidi ya hayo, tarakimu alizozizoea chuoni katika kurasa za juzuu zinakaribiana kwa sura na zile za hisabati bila ya kuwa na thamani moja. Tano ya Kiarabu ni duara dogo mithili ya sifuri. Sita yake inashabihi 7. Saba yake ni kama herufi V. Na sifuri yenyewe ni nukta tu. Basi mtoto akiandika 7 mahala pa 6, asiharakishwe kuitwa mjinga wala mvivu. Huenda amesoma sawasawa, lakini kwa hati nyengine. Mwalimu mzoefu huziandika safu mbili pamoja ubaoni, moja juu ya nyengine, na kuwaacha watoto wazilinganishe wenyewe. Aidha, hujumlisha ya tarakimu mbili huanzia upande wa kulia, kwenye mamoja, na aliyezoea hati ya Kiarabu haoni ajabu yoyote katika hilo. Mtoto anayekwenda chuoni na skuli hubeba kazi mbili, lakini kazi hizo husaidiana iwapo watu wazima hawazigombanishi.

Nyimbo nazo zina kazi yake katika kusoma. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na mtoto anayepiga kofi moja kwa kila silabi huikata "ka-ra-fu-u" mara nne kabla ya kuiandika. Kwa njia hiyo hiyo husikia tafauti ya sauti ya kwanza katika "ngoma" na katika "ng'ombe", ambayo katika maandishi ni alama ndogo sana na huachwa kwa urahisi. Darasa lenye kelele za makofi si lazima liwe limekosa nidhamu.

Baada ya mapumziko huja sayansi, na hapa ndipo penye zile choroko. Mbegu huwekwa juu ya pamba iliyorowanishwa katika gilasi mbili, moja dirishani na nyengine ndani ya kasha lililofungwa. Kila siku watoto hupima urefu wa mche kwa rula na kuuandika. Siku chache baadaye ule wa kizani huwa mrefu zaidi, lakini mwembamba na wa manjano. Ule wa dirishani huwa mfupi, imara na wa kijani. Mtoto aliyetolewa mapema siku mbili huwa na mapengo mawili katika jaduweli yake, na jaduweli hiyo ni hisabati pia.

Uzito wa misingi hii huonekana katika madarasa ya juu. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliweka elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na hisabati na sayansi kufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Aliyefahamu kuchukua kumi kwa lugha yake hupata shida ya maneno tu. Asiyefahamu hupata shida mbili kwa pamoja.

Mzazi anayelazimika kumtoa mtoto kabla ya wakati, kwa matibabu au msiba, ni vyema amuone kwanza mwalimu wa darasa na kuuliza vipindi gani vitampita. Ratiba ya wiki inakiliwe katika jalada la ndani la daftari, ili mtu wa nyumbani aione. Vijiti havinunuliwi: njiti za makuti zilizokatwa sawa zinatosha, na ishirini au thelathini zilizopo nyumbani humwezesha mtoto kuyarejea jioni yale aliyoyafanya asubuhi.