Mfuko wa nyongo umetolewa, mbona tumbo bado linasumbua?

Mgonjwa anayeandaliwa kutolewa mfuko wa nyongo aghalabu huambiwa jambo moja tu: kwamba binadamu anaweza kuishi bila kiungo hicho. Hayo ni kweli. Daktari wa Kijerumani, Carl Langenbuch, aliutoa mfuko huo kwa mara ya kwanza mjini Berlin mnamo Julai 1882, na tangu wakati huo mamilioni ya watu wameishi bila huo hadi uzeeni. Lakini si kila mgonjwa anayeelezwa yale yanayoweza kufuata. Miezi kadhaa baadaye utamkuta akilalamika kwamba tumbo linanguruma, gesi haimwishi, na kila akimaliza chakula cha mchana kazini hana budi kukimbilia msalani. Wako ambao hawathubutu tena kupanda matatu asubuhi wakiwa wamekunywa chai.

Iwapo wewe ni mmoja wao, usione haya kuyasema mbele ya daktari. Tatizo hili linajulikana, na mara nyingi lina dawa. Ila kwanza yafaa uelewe linatoka wapi.

Wengi hudhani kwamba nyongo hutengenezwa na mfuko wa nyongo. Sivyo. Nyongo hutengenezwa na ini, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku. Mfuko wenyewe ni ghala tu, na ghala dogo: hubeba takriban vijiko viwili au vitatu vya mezani. Kazi yake ni kuipokea nyongo nyepesi kutoka kwenye ini, kufyonza maji yaliyomo hadi iwe nzito, kisha kuingoja saa ya chakula. Ukila kitu chenye mafuta, utumbo hutoa homoni inayouamrisha mfuko ujikamue, na nyongo humwagika kwenye utumbo mwembamba kuyavunjavunja mafuta hayo, jinsi sabuni inavyofanya kwenye sufuria.

Ghala likiondolewa, ini haliachi kazi. Nyongo huendelea kutiririka kidogo kidogo mchana na usiku, uwe umekula au hujala. Watu wengi hawatambui tofauti yoyote, au huharisha kwa wiki chache tu kisha mwili ukazoea. Lakini kwa baadhi yao, takriban mmoja kati ya kumi ingawa makadirio hutofautiana, kuhara hakukomi.

Sababu yake ni hii. Asidi zilizomo ndani ya nyongo hazitupwi zikishamaliza kazi. Asilimia 95 hivi hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini zitumike tena. Nyongo inapotiririka bila kupumzika, huenda sehemu hiyo ikalemewa, na asidi zinazobaki zikapita hadi kwenye utumbo mpana. Huko si mahali pake. Huuchokoza utumbo hadi ukamwaga maji na kusukuma haraka. Ndipo unapopata choo cha majimaji, pengine chenye rangi ya manjano au kijani, kinachochoma na kisichokupa nafasi ya kungoja.

Sasa tazama yanayotokea katika miji yetu. Mtu wa namna hii huenda kwenye duka la dawa, akasema tumbo linamwendesha, akapewa dawa ya ameba. Kwa kuwa kuhara huku kuna siku zake za nafuu, anaamini amepona. Wiki tatu baadaye linarudi. Anapimwa damu, anaambiwa ni homa ya matumbo, anameza dawa za siku 14. Baada ya mwaka mmoja ametumia fedha nyingi na kumeza viuavijasumu ambavyo hakuvihitaji, na ambavyo vyenyewe huweza kuharisha. Kile kipimo cha damu cha homa ya matumbo kinachofanywa katika zahanati nyingi, kwa maoni yangu, kimewatesa watu zaidi ya kilivyowasaidia, kwani huweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu asiye nao.

Sisemi kwamba ameba na minyoo havipo. Vipo, na ndiyo maana choo hupimwa kwanza. Lakini ikiwa choo kimepimwa mara mbili na hakina kitu, mwambie daktari waziwazi: nilitolewa mfuko wa nyongo mwaka fulani. Wagonjwa wengi husahau kulisema hilo, hasa tangu kuenea kwa upasuaji wa kutumia kamera, ambao Erich Mühe aliufanya Ujerumani mwaka wa 1985. Upasuaji huo huacha makovu madogo matatu au manne ambayo hata daktari anayekupapasa tumbo anaweza asiyatilie maanani.

Dawa inayolenga tatizo lenyewe huitwa kolestiramini. Ni unga unaokorogwa katika maji au maji ya matunda, nao hunasa asidi za nyongo tumboni zikatoka pamoja na choo bila kuuchokoza utumbo. Vipo vipimo vya kuthibitisha kwamba nyongo ndiyo chanzo, lakini havipatikani kwa urahisi, kwa hiyo madaktari wengi humpa mgonjwa dawa hiyo kwa wiki chache na kutazama. Akipata nafuu ya haraka, jibu limepatikana. Huanzwa kwa kiasi kidogo kwani huweza kuvimbisha tumbo au kufunga choo. Jambo la kuzingatia sana ni kwamba hunasa dawa nyingine pia. Vidonge vya kupanga uzazi, dawa za moyo, za tezi ya shingo na nyinginezo yapasa zimezwe saa moja kabla yake, au saa nne hadi sita baadaye. Si kila duka la dawa huiweka, kwa hiyo huenda ukalazimika kuiulizia.

Kwa siku ya safari au ya mkutano mrefu, daktari anaweza kukuruhusu kumeza loperamidi, ambayo hupunguza mwendo wa utumbo. Usiitumie ikiwa una homa au unaona damu kwenye choo.

Tukija kwenye chakula, hakuna haja ya kujinyima mafuta kabisa. Nimewaona watu waliokonda kwa kula ugali na mboga za kuchemsha mwaka mzima, na hilo halifai, kwani vitamini A, D, E na K huhitaji mafuta ili zifyonzwe. Kinachosumbua ni mafuta mengi kwa mkupuo mmoja. Sahani ya chipsi na kuku wa kukaangwa, viazi karai, mandazi matatu kwa wakati mmoja, au nyama choma yenye mafuta yanayodondoka: nyongo inayotiririka kidogo kidogo haiwezi kukabiliana na hayo yote papo hapo. Chapati moja, sukuma wiki iliyopikwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, samaki wa mchuzi au nyama isiyo na mafuta haviwadhuru wengi.

Mtindo wetu wa kula mjini pia una lawama. Mtu hutoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni, akanywa chai saa nne, akala kidogo mchana, kisha saa tatu usiku akala mlo wa watu wawili. Ni afadhali milo midogo minne au mitano. Kwa wale wanaofunga Ramadhani, futari ianze kwa tende, uji na matunda. Sambusa na bhajia zingoje, na zisiwe nyingi.

Uji wa oti, ndizi, viazi vitamu, karoti na boga vina nyuzinyuzi laini zinazosaidia kushikanisha choo. Ongeza kidogo kidogo, la sivyo utajaa gesi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Kahawa na pilipili huwaharakisha baadhi ya watu. Maziwa nayo yatazamwe: watu wazima wengi wa Afrika hawana kimeng'enya cha kutosha cha kuyeyusha sukari ya maziwa, na huenda chai yako ya maziwa mengi ndiyo inayokuvimbisha wala si nyongo. Jaribu chai ya rangi kwa wiki mbili ujionee.

Na hapa kuna ukweli ambao baadhi ya wagonjwa hawapendi kuusikia. Si kila taabu inayobaki baada ya upasuaji imeletwa na upasuaji. Vijiwe vya nyongo huleta maumivu makali chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo, yanayodumu kwa muda, mara kwa mara baada ya chakula kizito. Kiungulia, kucheua na tumbo kujaa mara nyingi vina asili yake nyingine, kama vile vidonda vya tumbo au utumbo wenye wepesi wa kuchokozeka. Ikiwa hayo ndiyo yaliyokupeleka hospitalini na picha ikaonyesha vijiwe, huenda vijiwe vilitolewa na ugonjwa wenyewe ukabaki. Huo nao hutibiwa, lakini kwa njia yake.

Zipo dalili zisizongojewa. Maumivu ya zamani yakirudi vilevile, macho yakawa manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi na choo kikapauka, huenda kijiwe kimekwama kwenye mrija wa nyongo. Kijiwe huweza kubaki humo wakati wa upasuaji au kutokea baadaye. Homa na kutetemeka vikiandamana na hayo, nenda hospitalini usiku huohuo. Wenye ugonjwa wa selimundu wawe waangalifu zaidi, kwani miili yao hutengeneza vijiwe tangu utotoni na macho yao huwa manjano kwa sababu nyingine pia, jambo linaloweza kumpotosha mtu. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila kutaka, upungufu wa damu, au kuhara kunakokuamsha usingizini vyahitaji uchunguzi kamili, si kubadilishiwa chakula tu.

Kabla ya kumwona daktari, chukua daftari na kwa wiki mbili uandike ulichokula, saa uliyokula, mara ngapi ulienda msalani na choo kilikuwa cha namna gani. Pamoja na daftari hilo beba karatasi uliyopewa ulipotoka hospitalini baada ya upasuaji, na orodha ya dawa zote unazomeza, zikiwemo za miti shamba.